Fahamu: Ombi rasmi kwa mamlaka, kutoka Kibirizi hadi mahakamani

Tuseme wachuuzi wa dagaa pale Kibirizi, Kigoma, wanataka choo mwaloni. Wataandika barua kwa mkurugenzi wa manispaa, waambatanishe majina na saini. Asiyejua kuandika ataweka dole gumba. Hilo ni ombi rasmi. Ofisi ikilikalia kimya, watabaki kufuatilia, na wahakikishe wana nakala yenye mhuri wa kupokelewa.

Ombi la mahakamani ni jingine: hakimu au jaji hawezi kulifungia kabatini. Kigoma inalijua vizuri. Mwaka 1994, Dk. Aman Walid Kabourou wa Chadema alishindwa na mgombea wa CCM katika uchaguzi mdogo wa Kigoma Mjini, akafungua shauri kupinga matokeo. Mahakama Kuu ikautengua uchaguzi. Serikali ilikata rufaa, na uamuzi wa Mahakama ya Rufani wa 1996 unatajwa hadi leo, hasa kuhusu Redio Tanzania kupendelea upande mmoja. Kabourou mwenyewe alishakuwa mbunge tangu 1995.

Njia hiyo ya kupinga matokeo mahakamani ni ya ubunge na udiwani. Matokeo ya urais yakishatangazwa na Tume ya Uchaguzi, ibara ya 41(7) ya Katiba ya Tanzania inazuia mahakama kuyachunguza.