Upasuaji wa Chiari: maswali ya kuuliza mbele ya kusema ndiyo

Niko na lisansi ya agronomia, si ya udaktari. Nasema hivyo mwanzoni ili mtu asije kuniuliza dawa. Lakini kwetu, mtoto akishapata diploma anageuka daktari, avoka na enjenyeri kwa siku moja. Ndiyo maana madaktari waliposema yaya yangu apasuliwe nyuma ya kichwa, mama alinigeukia mimi: «Weye njo ulisoma. Utuambie, wamupasule ao tumuache?»

Sikuwa na jibu. Nilichukua wiki mbili kusoma na kusumbua madaktari kwa maswali. Nawaandikia nilichoelewa, juu siku moja mama yako naye anaweza kukugeukia.

Yaya alilalamika kichwa kwa miaka miwili. Kilimuuma kwenye kisogo, kila alipokohoa, alipopiga chafya, alipocheka sana ao kuinua bido ya maji. Kinakamata kidogo, halafu kinaachia. Tulitibu malaria, tukatibu tifoidi. Wengine wakasema ni mawazo mengi, wengine wakasema ni majirani. Halafu siku moja alitoa sufuria kwenye makala bila kitambaa. Vidole viliungua, yeye hakusikia moto. Hapo tuliogopa kweli. Tukavuka Ruzizi, tukaenda Kigali kufanya IRM.

Picha ilionyesha Chiari ya aina ya kwanza. Jina linatokana na Hans Chiari, mtaalamu wa magonjwa kutoka Austria, aliyeandika juu ya hali hii mwaka 1891 alipokuwa akifanya kazi Prague. Iko hivi: kwa nyuma, chini ya ubongo mkubwa, tuko na ubongo mdogo, ule unaotusaidia kutembea bila kuyumba. Chini ya fuvu kuna tundu ambamo neva zinashuka kuelekea mgongoni. Kwa mwenye Chiari, ncha za ubongo mdogo zinateremka ndani ya tundu hilo na kulibana. Kwa kawaida wanaiita Chiari ncha zikipita tundu kwa milimita 5 ao zaidi.

Waliolima bondeni watanielewa haraka. Tope likiziba mlango wa mfereji, maji hayatulii. Yanasukuma ukingo, yanatuama pasipo pake. Ubongo nao unaelea ndani ya maji masafi, yanayopanda na kushuka kwa kila pigo la moyo. Mlango ukizibwa, ukikohoa tu shinikizo linapanda na kisogo kinauma. Kwa watu wengine maji yanajikusanya mpaka ndani ya kamba ya neva ya mgongo, kama kisima chembamba. Wanakiita sirinksi. Mara nyingi kinaharibu kwanza njia za kusikia moto, baridi na maumivu, hasa mikononi. Njo maana yaya aliungua bila kujua.

Je, kila mwenye Chiari apasuliwe? Hapana. Wako watu wengi wenye Chiari wasiosikia chochote. Inaonekana kwa bahati tu, wakipigwa picha kwa sababu ingine. Hao kwa kawaida wanafuatiliwa tu. Kisu kinakuja pale dalili zinaharibu maisha, ao sirinksi inaonekana, ao mtu anaanza kupoteza nguvu, kupaliwa na chakula ao kukatika pumzi usingizini.

Upasuaji wenyewe hauondoi Chiari kama mtu anavyong'oa jino. Unapanua mlango. Mgonjwa analazwa kifudifudi, amelala usingizi wa dawa. Daktari anakata kipande cha mfupa chini ya kisogo, mara nyingi pamoja na sehemu ya nyuma ya pingili ya kwanza ya shingo. Halafu kuna njia mbili. Ya kwanza, anaishia kwenye mfupa. Ya pili, anafungua pia dura, ile ngozi ngumu inayofunika ubongo, na anashona kiraka ili nafasi iongezeke. Ya kwanza iko na matatizo machache, lakini mara nyingi zaidi mtu analazimika kurudi kupasuliwa tena. Ya pili inafungua njia vizuri zaidi, ila hatari za maji na maambukizi zinaongezeka. Muulize daktari: atafanya ipi, na juu ya nini?

Sasa matatizo. La kwanza ni maji ya ubongo kuvuja, ama kutoka kwenye kidonda, ama kujikusanya chini ya ngozi na kufanya uvimbe laini kisogoni. Maji yakipata njia ya kutoka, vijidudu navyo vinapata njia ya kuingia: hiyo ni meninjiti. Kuna kidonda kuoza, damu kuvuja ndani, maji kujaa kichwani. Mfupa ukikatwa kupita kiasi, ubongo mdogo unaweza kuporomoka zaidi. Shingo inaweza kukosa uthabiti. Mara chache sana mishipa ya damu ao neva zinaumia, na kifo kinawezekana. Na kuna lingine watu hawalisemi: upasuaji unaenda vizuri, lakini dalili zinabaki. Kichwa cha kukohoa ndicho kinachopona vizuri zaidi. Ganzi ya zamani mara nyingi haiishi yote, juu neva iliyokwisha kufa hairudi.

Nilieleza hayo yote sebuleni, baba, mama na wajomba wakisikiliza. Nilipomaliza, yaya akasema kwa upole: «Mudogo wangu, aksanti. Lakini kichwa ni yangu, na hakuna mwenye aliniuliza.» Nilisikia haya. Alichagua kupasuliwa.

Siku ya sita, mto wake uliamka umelowa. Shangazi akasema ni jasho. Lakini yalikuwa maji masafi, na kichwa kilimuuma akikaa, kinapoa akilala. Tulimrudisha saa hiyo hiyo, wakaongeza nyuzi, wakamlaza siku kadhaa. Tungengoja, sijui tungekuwa tunaongea nini leo. Kwa hiyo kamateni hili: baada ya upasuaji huu, maji kwenye kidonda, homa, shingo kukakamaa, kutapika ao usingizi usio wa kawaida, ni kurudi hospitali siku ile ile.

Leo yaya anacheka bila kushika kisogo. Vidole viwili bado havisikii moto. Anapika na kitambaa, na anapima maji ya mtoto kwa kiwiko. Mama akiniuliza tena kama tulifanya vizuri, namwambia amuulize yaya.