Breki ya Baiskeli Wakati wa Mvua
Mnunuzi wa baiskeli mjini Tunduma hutazama bei na uimara wa fremu. Wachache hutazama rimu. Lakini mkoani Songwe mvua hunyesha takriban kuanzia Novemba hadi Aprili, na barabara imejaa malori yaendayo Zambia.

Rimu ya chuma iliyopakwa kromi, kama ya Phoenix ya Kichina, ni imara. Ikilowa, hata hivyo, utando wa maji huitenga na raba ya breki, msuguano ukapungua mno. Alumini iliyolowa hushikwa vizuri zaidi. Mwanafunzi na achukue sumaku: ikinata, rimu ni ya chuma.

Breki iliyomo ndani ya kitovu cha gurudumu, ifungwayo kwa kukanyaga pedali kinyumenyume, haijali mvua. Ningeichagua hiyo, ijapokuwa kwenye mteremko mrefu hupata joto kali.