Ujasiri wa Imani na Gharama Yake

Tunapohubiri juu ya ujasiri wa Mkristo, mawazo yetu hukimbilia tanuru la moto la Danieli 3, au Namugongo mwaka 1886. Mifano hiyo ni ya kweli, lakini yaweza kutufanya tudhani kwamba kila ajitosaye hatarini ni shujaa wa imani. Yatupasa kupambanua.

Maandiko hayatufundishi kutafuta hatari. Bwana aliwaruhusu wanafunzi wake kukimbilia mji mwingine wakiudhiwa (Mt. 10:23), na Paulo aliteremshwa ukutani katika kapu huko Dameski (Mdo. 9:25). Lakini katika Yn. 10:12-13 akimbiaye analaumiwa. Tofauti ni nini? Mtu wa mshahara akikimbia, mbwa-mwitu hubaki na kondoo. Basi swali si, “Je, ninaogopa?” bali, “Nikiondoka au nikinyamaza, ni nani atakayelipa gharama yangu?”

Mchungaji Gudina Tumsa, Katibu Mkuu wa Kanisa la Kiinjili la Mekane Yesu nchini Ethiopia, alijibu swali hilo kwa maisha yake. Utawala wa kijeshi ulimkamata zaidi ya mara moja. Alipofunguliwa, Rais Julius Nyerere alisaidia kuandaa njia ya kumtoa nchini. Akakataa kuliacha kundi katika majaribu, akitegemea 2 Kor. 5:15. Tarehe 28 Julai 1979 alitekwa mjini Addis Ababa baada ya ibada, akauawa. Mwili wake ulipatikana mwaka 1992, baada ya utawala ule kuanguka.

Hapa Singida hatutishwi na askari. Hatari yetu hukaa ndani ya nyumba zetu. Tangu miaka ya 1970, maradhi ya sehemu za siri yaitwayo lawalawa yamehusishwa na ukeketaji: wengi waliamini kwamba mtoto wa kike hatapona asipokatwa. Hospitali hutibu maambukizi hayo kwa dawa na usafi. Sheria ya mwaka 1998 iliweka kifungo cha miaka 5 hadi 15 kwa anayemkeketa msichana aliye chini ya miaka 18. Badala ya kuacha, baadhi ya watu wakaanza kuwakata watoto wachanga kwa siri.

Tunakiri kwamba tumewahi kumpokea mtoto kwenye ubatizo, tukiwa tumesikia minong’ono kwamba amekwisha kukatwa, tukaendelea na liturujia hadi Amina. Tuliogopa kuvunja undugu na wazee wa kanisa. Gharama ya amani yetu ililipwa na yule mtoto.

Ndiyo maana mafundisho hayana budi kutangulia ubatizo, na kuzaliwa kwenyewe. Mchungaji azungumze na wachumba, na waja wazito, na bibi zao, kwa heshima lakini bila mafumbo. Mama akatazaye binti yake asikatwe huweza kutengwa na wakwe. Asiachwe peke yake. Usharika umtembelee na kusema naye mbele ya ukoo, hata kama kwa kufanya hivyo utapoteza sadaka na marafiki.

Luther alifundisha kwamba msalaba hatuuchagui wenyewe. Huu wetu umekwisha kuwekwa mlangoni. Mwanafunzi wa theolojia ajiulize kabla ya kuwekewa mikono: siku ile nitakapoletewa mtoto huyo, nitasema nini?