Ridhaa Isiyoishia Kwenye Saini

Mtafiti wa mwingiliano wa binadamu na kompyuta, yaani taaluma inayochunguza namna watu wanavyotumia vifaa vya kidijitali, hutakiwa kwanza kupata ridhaa, ambayo ni kibali kinachotolewa kwa hiari na mtu aliyekwisha kuelezwa kusudi la utafiti na madhara yanayoweza kumpata. Kwa kawaida kibali hicho ni fomu inayotiwa saini na mtu mmoja mmoja, na utaratibu huo, ingawa una heshima yake, huacha pengo kubwa katika jamii za asili ambako hadithi, picha za marehemu na elimu ya mitishamba ni amana ya ukoo mzima.

Wasan wa kusini mwa Afrika walilieleza pengo hilo bila kuficha. Mwaka 2010 ulipochapishwa utafiti wa jenomu, yaani jumla ya taarifa za urithi zilizomo mwilini, uliohusu wanaume wa Kisan wa Namibia, viongozi walilalamika kwamba jamii yenyewe haikuulizwa. Na mwaka 2017 Wasan wa Afrika Kusini wakatoa kanuni zao za maadili ya utafiti, zinazodai heshima, ukweli, haki na kujali.

Kanuni hizo zilichochewa na masuala ya jeni, lakini zinamhusu vilevile anayefika na kinasa sauti, pengine hata zaidi, kwa kuwa sauti hunakiliwa bila kikomo, na iliyochukuliwa leo kwa ajili ya programu ya kufundishia watoto yaweza kesho kutumiwa kuunda bidhaa watakayouziwa wasemaji wenyewe. Hatari hiyo iliwazindua Wamaori wa Te Hiku Media, kituo cha utangazaji cha Kaitaia, kaskazini mwa New Zealand. Mwaka 2018 kituo hicho kiliwaalika wasemaji kusoma sentensi za Kimaori, na katika siku 10 kikapata zaidi ya saa 300 za sauti za kuifunza kompyuta kutambua usemi. Wingi huo haushangazi, maana kituo ni mali ya makabila yao wenyewe. Kampuni ya kigeni ilipotaka kununua sauti za aina hiyo kilikataa, kikaandika leseni inayokifanya mlinzi wa data badala ya mmiliki, na inayodai kwamba faida ya matumizi yake iwarudie Wamaori.

Watafiti wengi huahidi kwamba mshiriki anaweza kujitoa wakati wowote. Ahadi hiyo hutimizika faili likiwa bado kabatini, lakini sauti ikishatumiwa kuifunza mashine ni vigumu mno kuiondoa, na ukomo huo unapaswa kuelezwa mbele ya wazee na vijana kabla kinasa sauti hakijawashwa.