Kibali cha bango kiulize pia lugha

JUMA lililopita, jirani yangu mwenye kiduka karibu na kituo cha matatu aliniletea karatasi iliyokunjwa mara nne.

“Mwalimu, hebu nisomee hii. Kanjo waling’oa kibao yangu jana wakaniachia hii barua tu,” akaniambia.

Barua ilikuwa ya Kiingereza kitupu. Ilisema kwamba ametundika tangazo bila kibali. Mama huyo alishangaa kwa sababu leseni yake ya biashara ameilipia na kuibandika ukutani. “Hiyo si tangazo, Mwalimu. Hiyo ni jina ya duka yangu!”

Nilimuuliza kibao kilikuwaje. Akanieleza kwamba alichorewa bure na wauzaji wa soda. Sehemu kubwa ilikuwa rangi na nembo ya soda, nalo jina la duka likabanwa pembeni kwa herufi ndogo. Kwake yeye, hicho kilikuwa kibao cha duka. Kwa afisa aliyepita na daftari lake, hilo lilikuwa tangazo la kampuni.

Sitautaja mji wenyewe, maana nia yangu si kulaumu ofisi yoyote. Ninataka tuone kwamba mzozo huu ulikuwa wa lugha kabla haujawa wa sheria.

Tuanze na istilahi. Katika mazungumzo ya kila siku, kibao, bango na tangazo hutumiwa kana kwamba ni kitu kimoja. Kwa kweli tangazo ni ujumbe unaotolewa kwa umma, bango ni chombo kinachoubeba, na kibao ni ubao mdogo. Vivyo hivyo, leseni humruhusu mtu kuendesha biashara, ilhali kibali huruhusu jambo moja mahususi, kwa mfano kutundika bango mahali fulani. Mtu anaweza kuwa na leseni na akakosa kibali.

Miji mingi hutofautisha pia kibao kinachomtambulisha mwenye duka na tangazo linalouza bidhaa ya mtu mwingine. Kibao huwa na masharti mepesi. Tangazo hutozwa zaidi kwa kuwa ukuta umegeuzwa kuwa soko. Jirani yangu aliukodisha ukuta wake kwa kampuni bila kujua, na bila kulipwa hata ndururu.

Nchini Kenya, mamlaka haya yako mikononi mwa kaunti. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linaorodhesha udhibiti wa matangazo ya nje miongoni mwa majukumu yake. Mwanaisimu hawezi kukosa kuona majirani wa jukumu hilo katika orodha: uchafuzi wa hewa, kelele na kero nyingine za umma. Bango limewekwa kapu moja na moshi. Kaunti ya Nairobi ilipitisha sheria yake mahususi ya matangazo ya nje na mabango mwaka wa 2018. Bango likisimama katika hifadhi ya barabara kuu, Mamlaka ya Kitaifa ya Barabara Kuu (KeNHA) nayo ina usemi.

Udhibiti huo una sababu. Bango lisilofungwa vizuri huweza kumwangukia mpita njia. Likiziba taa za barabarani, dereva hujikuta njia panda bila mwongozo. Aidha, kaunti inahitaji mapato. Hayo siyapingi.

Nilipoandamana na mama huyo hadi ofisini, tulipewa fomu. Iliuliza upana na urefu wa bango, kimo chake kutoka ardhini, limeundwa kwa nini, litawekewa taa au la, na iwapo mwenye jengo ameridhia. Haikuuliza bango litazungumza na umma kwa lugha gani. Nayo fomu yenyewe, kama ile barua, ilikuwa ya Kiingereza.

Je, kibali kinaweza kuuliza zaidi ya vipimo? Tazama miji miwili ya mbali. São Paulo, nchini Brazil, ilianza kutekeleza sheria ya ‘mji safi’ mwaka wa 2007. Mabango makubwa ya biashara yalipigwa marufuku kabisa, na vibao vya maduka vikapimwa kulingana na upana wa jengo. Huko, suala lilikuwa macho ya wakazi.

Montreal iko Quebec, nchini Kanada, na huko suala likawa lugha. Sheria ya 1977 iliagiza mabango ya biashara yaandikwe kwa Kifaransa pekee. Mwaka wa 1988, Mahakama ya Juu ya Kanada iliamua kwamba kuzikataza lugha nyingine kabisa kunakiuka uhuru wa kujieleza. Baada ya mvutano, sheria ilirekebishwa mwaka wa 1993: lugha nyingine ziruhusiwe, mradi Kifaransa kitawale waziwazi. Tangu Juni 2025, jina la biashara la lugha nyingine likionekana kutoka nje, maandishi ya Kifaransa sharti yachukue angalau nafasi maradufu.

Kwa nini watu wagombanie herufi za ukutani? Wataalamu Landry na Bourhis, katika makala yao ya 1997 kuhusu mandhari-lugha, walieleza kwamba maandishi ya barabarani hufanya kazi mbili. Kwanza, hutoa habari. Pili, huwa ishara: humwonyesha mpita njia lugha gani ina hadhi mahali hapo. Mtoto anayeona kila jambo la maana limeandikwa kwa lugha moja hujifunza somo hilo bila mwalimu.

Sasa tembea katika mtaa wako. Kiswahili utakipata, lakini wapi? “Hii ploti haiuzwi.” “Choo ya kulipia.” “Viti za kukodisha.” Wasomaji wangu wa kila wiki tayari wameshika kalamu nyekundu: ploti hii haiuzwi, choo cha kulipia, viti vya kukodisha. Sawa. Hata hivyo, tusikimbilie kuwacheka walioandika. Hao ndio wanaokitumia Kiswahili mtu anapotaka kueleweka mara moja. Lango la ofisi ya umma, lenye bajeti na wasomi, mara nyingi humkaribisha mwananchi kwa Kiingereza.

Ibara ya 7 ya Katiba inasema Kiswahili ndiyo lugha ya taifa, na ni lugha rasmi sambamba na Kiingereza. Hatuna sheria kama ya Quebec, na sipendekezi tuiige. Shurutisho la aina hiyo lingemwangukia kwanza mwenye kiduka, ambaye tayari anahangaishwa na ada.

Pendekezo langu linaelekezwa kwa serikali. Mosi, fomu za kibali, ilani na barua za faini zitolewe kwa lugha zote mbili rasmi. Pili, mabango ya ofisi za umma yawe na Kiswahili sanifu, yahaririwe kabla ya kutundikwa. Tatu, fomu iulize lugha ya bango, na anayetumia Kiswahili apunguziwe ada kidogo. Fundi wa mabango atajitafutia mhariri mwenyewe.

Yupo atakayesema istilahi hazitoshi. Zipo: kibali, ada, hifadhi ya barabara, kimo, mwenye jengo. Nimezitumia zote katika makala haya, na sidhani kuna aliyekwama.

Kibao cha jirani yangu bado kimo katika bohari ya kaunti. Ili akipate, atalipa faini kisha ajaze ile fomu. Ameniomba nimjazie, nami nitafanya hivyo. Lakini katika mtaa ule kuna maduka mengi, na si kila duka lina mwalimu jirani.