Mzigo Ufike Mzima: Namna ya Kufunga Bidhaa Tunazotuma Mbali

Siku hizi wengi wetu hapa Lubumbashi tunauza bila kukaa sokoni. Tunapiga picha ya kitenge, ya asali au ya sahani, tunaituma kwa WhatsApp au Facebook, na mteja wa Likasi, Kolwezi au Kinshasa analipa kwa M-Pesa, Airtel Money au Orange Money. Taabu inabaki njiani. Katoni yetu inapakiwa kwenye basi au lori, inawekwa chini ya magunia, inashushwa na kutupwa. Mteja hajawahi kutuona. Anatujua kwa kile atakachokikuta ndani.

Tufanye hesabu. Tuseme chupa ya asali imetugharimu 8.000 FC, na tunaiuza 10.000 FC. Faida ni 2.000 FC. Chupa moja ikimwagika na tukarudisha pesa ya mteja, tumepoteza 8.000 FC, yaani faida ya chupa 4 nyingine, na nauli bado hatujaihesabu. Kufunga vizuri ni kulinda mtaji wa nyumba, pesa ya shule na ya chakula.

Katoni. Tuchague iliyo kavu na ngumu. Iliyowahi kulowa au kukunjika pembeni haina nguvu tena. Isiwe kubwa kupita kiasi, maana nafasi tupu ndiyo inayovunja vitu. Chini na pembeni tujaze karatasi zilizofinyangwa au vipande vya vitambaa ambavyo washonaji wanatupa. Tukimaliza, tuitikise. Tukisikia kitu kinacheza ndani, tufungue na kuongeza.

Vyombo. Kila sahani ifungwe peke yake, kisha zisimamishwe kwa ukingo kama vitabu. Zikilazwa, uzito wote unaangukia ile ya chini. Vikombe tuvijaze karatasi ndani kabla ya kuvifunga nje.

Asali na mafuta. Tusijaze chupa mpaka mdomoni. Joto linafanya mafuta yaongezeke, na kifuniko kinaanza kuvuja. Tuache nafasi ya vidole 2. Tukaze kifuniko, tukizungushie skochi, kisha chupa iingie katika sashe 2, kila moja ikifungwa kwa fundo lake. Isimame wima. Kwa mzigo wa ndege tuulize kwanza ajansi kama wanapokea vitu vya maji maji.

Vitenge na nguo. Wino wa gazeti unachafua kitambaa, hasa cheupe. Tutumie sashe safi kwanza, na wakati wa mvua tuongeze ya pili. Nguo isiwekwe pamoja na mafuta, wala unga pamoja na sabuni au samaki wakavu. Harufu inahama, na unga wa namna hiyo hakuna mtoto atakayeula.

Kufunga na kuandika. Skochi ipite juu ya mstari wa katikati na kwenye kingo zote, juu na chini. Tuandike jina la mteja, namba zake 2 za simu, komine, mtaa, avenyu na namba ya nyumba, pamoja na namba yetu. Kwa mzigo wa Kinshasa tuandike kwa Kifaransa. Juu ya maandishi tubandike skochi ili mvua isiyafute. Ndani tuweke karatasi nyingine yenye majina yale yale, kama ya nje itabanduka. Neno FRAGILE liandikwe, lakini tusilitegemee: mpakiaji mwenye haraka hasomi. Na tusiandike nje kwamba ndani mna kitu cha bei kubwa.

Ushahidi. Kabla ya kufunga, tupige picha ya vitu ndani ya katoni. Baada ya kufunga, picha nyingine. Tutunze risiti ya ajansi na kumtumia mteja picha yake. Tumwombe afungue mzigo pale pale mbele ya mwenye ajansi. Pia tupatane naye mapema, kabla hajalipa: kitu kikivunjika, nani anabeba hasara? Maneno yaliyosemwa mwanzoni hayaleti ugomvi mwishoni.

Skochi ina bei, na kwa mama anayetuma mzigo mmoja kwa juma ni gharama. Ndiyo maana tunashauri kila kikundi kinunue kwa pamoja na kuweka akiba ya katoni kavu kwa mama mmoja. Katika mkutano ujao, kila anayeuza alete katoni moja aliyoifunga mwenyewe. Tutazitikisa zote, na ile itakayopiga kelele tutaifungua na kuifunga upya pamoja.