Kidole Kilichojulikana Mno

Sogeeni karibu, wanangu. Leo hatuna sungura wala fisi. Leo anazungumza kidole. Ni kidole gumba cha kijana mmoja wa Garissa, kaskazini mashariki mwa Kenya. Kijana huyu ni wa hadithi, lakini yaliyompata yamewapata maelfu ya watu wa kule, na ndiyo maana nataka myajue.

Kidole kikasema, "Nitazameni. Nina mistari."

Tazameni na vyenu. Mistari hiyo ilijichora mkiwa bado tumboni mwa mama. Hakuna mwingine duniani mwenye mistari kama yako, hata pacha wako. "Hata pacha, Mjomba?" Hata pacha! Napenda sana mtoto anayeuliza.

"Mwaka 2011," kidole kikaendelea, "mvua ilikataa kunyesha. Ng'ombe wakafa. Bwana wangu alikuwa na miaka saba. Mama yake akamshika mkono, wakaenda Dadaab."

Dadaab ni kambi kubwa za wakimbizi, ndani ya Garissa hiyohiyo. Zilianza mwaka 1991, watu walipokimbia vita Somalia. Kambini kulikuwa na unga, mafuta, shule na daktari. Nje ya kambi, kwa wenyeji, kulikuwa na vumbi. Sasa niambieni, mama mwenye mtoto mwenye njaa afanye nini? Lugha ya wale wageni ni lugha yake, dini yao ni dini yake, na koo zao ziko pande zote mbili za mpaka. Akapanga foleni pamoja nao.

"Nikabanwa juu ya kioo kidogo cha baridi," kidole kikasema. "Taa ikawaka. Mashine ikanitazama, ikasema: Sasa namjua."

"Mjomba, mashine inamjuaje mtu?" Sikiliza. Inatafuta mahali mstari unapokoma. Inatafuta mahali mstari mmoja unapogawanyika kuwa miwili. Inapima kutoka hapa hadi pale, kisha inaandika namba. Mtoto anakua, kidole kinanenepa, lakini mpangilio ule haubadiliki. Namba zikishaingia kwenye kompyuta, zinakaa.

Na msiichukie mashine. Mwaka 2013 vidole vilianza kukaguliwa kwenye foleni za chakula Dadaab na katika kambi nyingine ya Kenya, Kakuma, ili mtu asichukue mgao wa mwenzake. Hilo lina faida yake.

Mvua ikarudi. Mama na mwana wakarudi kwao. Wakasahau. Mashine haikusahau.

Kijana akafika miaka 18, akaenda kuomba kitambulisho. Mnajua kitambulisho ni kitu gani Kenya? Bila hicho hupigi kura. Husajili laini ya simu kwa jina lako. Hufungui akaunti benki. Na ukitoka Garissa kwenda Nairobi, basi linasimamishwa kwenye daraja la mto Tana, na askari anasema neno moja tu: "Kitambulisho!" Daraja hilo liko mbali na Somalia, lakini kwa asiye na kitambulisho, mpaka uko pale.

Afisa akachukua alama za vidole. Kompyuta ikaulizwa. Mashine ikasema: "Namjua. Nilimwona kambini."

Afisa akafunga faili. "Wewe ni mkimbizi. Mwingine!"

"Lakini Mjomba, mashine imedanganya!" Haikudanganya, mwanangu, na hapo ndipo penye uzito. Iliulizwa kama imewahi kumwona, ikajibu ndiyo. Haikuulizwa alifuata nini kambini. Hebu fikiria siku ya njaa umekula kwenye sufuria ya jirani, naye akaandika jina lako ukutani. Miaka kumi na moja baadaye unarudi kwenu na kubisha hodi, mama yako anaambiwa: huyu si wako, alikula kule. Ungeona haki hiyo?

Kijana huyu ana kaka yake. Mwaka ule wa ukame kaka alibaki nyuma na ngamia. Hakwenda kambini, hakubanwa kidole. Leo kaka ana kitambulisho. "Mama mmoja, baba mmoja, mmoja Mkenya na mwingine mkimbizi?" Naam. Umeona mwenyewe vizuri kuliko nilivyoweza kueleza.

Watetezi wa haki wamekadiria kwamba waliokwama hivi ni 40,000 au zaidi. Ni watu wazima sasa, wengine wana watoto wao. Mimi naona kosa ni la waliochukua jibu la swali moja wakaligeuza kuwa jibu la maswali yote. Na alama za vidole zina historia chungu Kenya. Kuanzia miaka ya 1920 wakoloni waliwalazimisha wanaume Waafrika kuvaa shingoni kikopo cha chuma, ndani yake karatasi yenye alama za vidole vyao. Cheti hicho kiliitwa kipande.

"Kwa nini maafisa wa vitambulisho hawakuwauliza wazee wa kijiji?" Waliwauliza, baadaye. Kamati zikaketi Garissa, watu wakahojiwa: babu yako nani, ulisoma wapi, mlinywesha mifugo kisima gani? Na mwaka 2025 Mahakama Kuu ya Garissa ikawapa haki waliokwenda kushtaki.

"Na kijana wetu?" Alijibu yote. Alitaja hata jina la kisima. Wazee wakatikisa vichwa kukubali. Kidole kikauliza, "Sasa nani ataiambia mashine?"

Swali zuri, kidole! Mashine haijifuti. Lazima mtu mwenye ruhusa alifungue lile daftari la kompyuta na kuliondoa jina. Kwa hiyo kijana amepewa barua yenye muhuri, ipelekwe ofisini Nairobi.

"Lakini Mjomba, pale darajani si wataomba kitambulisho?"

Wataomba, mwanangu. Ndiyo maana barua anaipeleka kaka.